Uzi maalumu kwa tunaoanza kukimbia ukubwani: ukishindwa kuimba, punguza mwendo

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili la afya kwa miaka kadhaa bila kuchangia lolote la maana, na leo ninaleta uzi kuhusu jambo ambalo nililichukia tangu utotoni na ambalo sasa ninalifanya mara nne kwa wiki kwa hiari yangu na kulifurahia, yaani kukimbia. Sizungumzi na wanariadha. Ninazungumza na mtu wa makamo, mwenye kazi ya kukaa, ambaye amejaribu kukimbia mara mbili au tatu, akarudi nyumbani akihema hadi watoto wakamwonea huruma, kisha akajiridhisha kwamba mwili wake haukuumbwa kwa ajili ya mbio. Nadai kwamba mtu huyo hana tatizo la mapafu wala la umri. Anakimbia kasi mno, na hajui kuwa anakimbia kasi kwa sababu kila anayempita barabarani ana kasi kuliko yeye.

Mimi ni mhasibu, nina umri wa miaka 44, na ninaishi Sinza, Dar es Salaam. Mwaka juzi daktari alinipima shinikizo la damu, akanipumzisha kidogo, akanipima tena, kisha akaniuliza kwa upole kama huwa ninatembea kwenda popote. Nilipofikiri vizuri niliona kwamba safari yangu ndefu kuliko zote kwa miguu ilikuwa kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Jioni ile ile nilinunua raba, na kesho yake alfajiri nikatoka getini kwa mwendo wa mtu anayewahi basi la mwisho. Nilifika nguzo ya nne ya umeme. Hapo nilishika magoti, kichomi kikanibana chini ya mbavu upande wa kulia, na mama mmoja aliyekuwa akipanga vitumbua vyake mezani akaniuliza kama nilikuwa nimeibiwa. Nilirudi nyumbani nikitembea, nikazificha raba chini ya kitanda, na miezi minne ikapita. Jaribio la pili lilifanana na la kwanza, isipokuwa safari hiyo nilipita njia nyingine ili nisikutane na yule mama.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, ambaye nilikuwa nikimwona akipita kila alfajiri kwa mwendo ambao, niseme ukweli, nilikuwa nikiudharau, kwa kuwa mtu mwenye haraka angeweza kumpita kwa kutembea. Siku ya jaribio langu la tatu alinikuta nimeegemea ukuta. Akasema, "Kijana, unakimbia kama uliyekwapua simu ya mtu. Nani anakufukuza?" Kisha akaniambia twende wote, na kwamba njiani nimsimulie habari za kazini kwetu. Nilidhani ni udadisi wa wazee. Nikaanza kumweleza kuhusu hesabu za mwisho wa mwaka, na kila nilipokata sentensi katikati ili kuvuta pumzi, yeye alipunguza mwendo bila kusema neno. Hadi tunavuka Barabara ya Sam Nujoma kuelekea Mlimani tulikuwa tunakwenda polepole kiasi kwamba niliona aibu, lakini nilikuwa bado ninazungumza, na nguzo nne zilikuwa zimebaki nyuma zamani.

Baadaye ndipo nilipokumbuka mchakamchaka. Waliosoma shule za msingi Tanzania wanajua ninachosema: asubuhi na mapema tunapangwa, kiongozi anaanzisha wimbo, nasi tunaitikia huku nyayo zikipiga ardhi kwa pamoja hadi mtaa wa tatu unasikia. Wengi tunaukumbuka kwa sababu ya fimbo ya mwalimu wa zamu aliyekuwa nyuma akiwasubiri wanaobaki, na sidhani kama ninakosea nikisema kwamba chuki ya watu wengi kwa mbio ilizaliwa pale, kwa kuwa mbio zilikuwa ama amri ama adhabu. Lakini ukiiondoa ile fimbo utaona kwamba mle ndani mlikuwa na ufundi mkubwa. Kundi linaloimba haliwezi kukimbia kasi kuliko pumzi ya kuimbia, kwa hiyo wimbo wenyewe ndio breki. Klabu za jogging za Dar es Salaam, zile ambazo mwisho wa wiki hupita barabarani kwa fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo, zimeuhifadhi ufundi huo bila kuuandika popote, na ndiyo maana utamkuta humo mama mwenye wajukuu na kijana wa miaka 20 wakifika pamoja. Nimejiwekea kanuni kwamba nikishindwa kuimba ubeti mzima kwa sauti ya chini, ninapunguza mwendo. Nikishindwa tena, ninatembea. Sijapata kifaa chochote cha mkononi kinachonieleza zaidi ya hapo.

Sababu ya kimwili si ngumu kueleza. Anayeanza husema kwamba hana pumzi, akidhani mapafu yake ni madogo, wakati kwa mtu mwenye afya mapafu huwa na akiba ya kutosha. Kinachofika ukomo mapema ni uwezo wa moyo kusukuma damu na uwezo wa misuli kuitumia oksijeni inayoletwa. Ukikimbia kasi kupita uwezo huo, misuli hulazimika kupata sehemu kubwa ya nishati yake kwa njia ya haraka isiyohitaji oksijeni, kabonidayoksaidi huongezeka katika damu, na ubongo huamuru uheme kwa nguvu ili kuitoa. Kuhema huko ndiko tunakokuita kukosa pumzi. Ukikimbia polepole kwa majuma mengi mfululizo, moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa myembamba ya damu huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, na ndani ya misuli yenyewe huongezeka mitokondria, ambazo ndizo majiko ya kuchomea chakula. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoharakishwa kwa kujitesa. Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwezi Oktoba 2019, na watu wengi wanadhani mtu wa namna hiyo hukimbia kasi kila asubuhi. Ukweli ni kwamba wanariadha wa daraja lake hutumia sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki katika mwendo mwepesi wa kuzungumza, na kule Iten, Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, mabingwa hujikokota katika siku zao nyepesi kwa mwendo ambao mimi na wewe tungeona haya kuonekana nao.

Namna nilivyoanza ni hii. Mzee alinikataza kutumia saa, akaniambia nitumie nguzo za umeme: nikimbie nguzo 1, nitembee nguzo 2, na nifanye hivyo kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki, huku siku moja ya kupumzika ikikaa katikati. Baada ya majuma mawili nikawa ninakimbia nguzo 2 na kutembea 2, kisha 3 kwa 1, na kuendelea hivyo. Nguzo hazijalingana umbali, na hilo halina madhara yoyote. Wanaopenda utaratibu uliopangwa wanaweza kutumia programu maarufu ya Couch to 5K aliyoitunga Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, ya majuma 9, ambayo huanza kwa sekunde 60 za kukimbia na sekunde 90 za kutembea, kwa dakika 20. Ni ile ile hekima ya nguzo, ila imevaa saa. Mimi ilinichukua majuma 14 kufika nusu saa bila kutembea, kwa sababu nilirudia majuma kadhaa na kwa sababu niliumia, jambo ambalo sitaki mlipitie bila kulijua.

Katika wiki ya saba nilijiona shujaa. Pumzi ilikuwa imetulia, nikaongeza siku ya nne na ya tano kwa wakati mmoja, na ndani ya siku kumi nikaanza kuhisi maumivu ya kuchoma kwenye muundi, upande wa ndani, ambayo yalianza ninapotoka nyumbani, yakapungua katikati ya safari, kisha yakarudi usiku. Moyo na misuli huzoea ndani ya majuma machache, ilhali mifupa na kano huhitaji miezi, kwa hiyo kuna kipindi kibaya ambacho pumzi inakuruhusu kufanya kile ambacho miguu bado haijakubali. Nilipumzika majuma mawili, nikarudi kwenye nguzo, na tangu hapo nikiongeza siku siongezi umbali, na nikiongeza umbali siongezi siku. Maumivu yaliyo mahali pamoja tu pa mfupa, yanayouma hata unapopagusa kwa kidole au unaporuka kwa mguu mmoja, msiyavumilie. Hayo ni ya kwenda kuonyesha hospitali, kwa sababu yanaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa.

Kuhusu hali ya hewa ya kwetu nitasema machache. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na katika unyevu wa pwani halikauki bali linatiririka, kwa hiyo mwendo ule ule unaokufaa mwezi Julai utakufanya uheme mwezi Februari ingawa hujapoteza uwezo wowote. Kama unaweza kuchagua, anza katika kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Kama huwezi, toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na ukubali kwenda polepole zaidi ya polepole. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kubanwa kifua anapojituma, azungumze na daktari kabla ya kununua raba.

Sasa nifike kwenye neno "kufurahia", ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Niliahidiwa raha fulani ya ghafla, na nikaisubiri kama mtu anayesubiri mshahara. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba raha hiyo huletwa na endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu; siku hizi watafiti wanazitaja zaidi endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hujitengenezea wenyewe na ambazo hupita kutoka kwenye damu kuingia ubongoni kwa urahisi kuliko endofini. Zimepewa jina hilo kwa kuwa hufanya kazi kwenye vipokezi vile vile vinavyoguswa na bangi, na mzee nilipomweleza habari hiyo alicheka hadi ikabidi tutembee. Yawezekana zilikuwepo, lakini mimi sikuiona raha ikija kwa mlango huo. Siku moja mwezi wa tatu, tukiwa tunashuka kutoka Mlimani, mvua nyepesi imekatika na miti inadondosha maji, mzee aliniuliza tumefika nguzo ya ngapi, nikagundua kuwa sikuwa nimehesabu tangu tulipotoka nyumbani. Hilo tu. Nilikuwa nimesahau kuteseka. Kuanzia wiki ile sikuhitaji tena kengele ya simu kuniamsha, na nikiikosa siku moja ninajisikia kama mtu aliyetoka nyumbani bila kupiga mswaki.

Uwanja ni wenu. Naomba tusaidiane kwa uzoefu, na wenye utaalamu wa tiba watusahihishe.

Tumbo Halina Siri ameandika:

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi nina kilo 104 na miaka 39, na kila ninapotaja kukimbia nyumbani naambiwa kwamba nitamaliza magoti yangu. Je, ni kweli kwamba mbio zinasaga magoti? Pili, hizo nguzo za kwenu nimezijaribu jana, nikashindwa hata nguzo 1 bila kuhema. Naomba ushauri usio na matusi.

Mleta uzi amejibu:

Ndugu yangu, matusi hayana nafasi hapa, na nguzo 1 uliyoishindwa ilikuwa ya kwako, hakuna aliyekutuma uikimbie yote. Kuhusu magoti, tafiti zilizolinganisha wakimbiaji wa kawaida na watu wasiofanya mazoezi hazijaonyesha kwamba mbio za kiasi husaga magoti yenye afya. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, ni kitu hai, hupata lishe yake kwa kubanwa na kuachiwa, na uzito wa mwili pamoja na majeraha ya zamani ndivyo vinavyotajwa zaidi kama chanzo cha kusagika. Hata hivyo, katika kila hatua ya kukimbia unatua juu ya mguu mmoja kwa nguvu inayozidi uzito wako mara mbili au zaidi, kwa hiyo kwa kilo 104 ningekushauri majuma sita ya kutembea tu, kwa haraka, nusu saa, siku tano kwa wiki. Usione kama unapoteza muda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na kutembea haraka kunahesabika, kwa hiyo utakuwa umefikia kiwango hicho kabla hujakimbia hata nguzo 1. Baada ya hapo kimbia nusu ya nguzo, kwenye udongo ukiupata badala ya lami, na uimbe.

Bint Raskazone ameandika:

Kaka mleta uzi, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mwanamume. Hiyo saa kumi na moja na nusu yako, mimi hapa Tanga nikitoka peke yangu, mama yangu atakuwa amesimama mlangoni na khanga kiunoni hadi nirudi, na atakuwa na haki. Tulichofanya ni kujikusanya wanawake wanne, tunatoka kukishapambazuka, tunapita Raskazone upande wa baharini ambako kuna upepo na watu, na hatuvai vipokea sauti vya masikioni. Maneno ya bodaboda yalikuwepo wiki za mwanzo, na yaliisha walipotuzoea, au labda walipogundua kwamba hatusimami kuwajibu.

Naomba niongeze mambo ambayo wanaume hawatayataja. Kabla ya raba ghali, mwanamke anunue sidiria imara ya michezo, kwa sababu maumivu ya kifua yamewarudisha wengi nyumbani wakidhani wameshindwa na pumzi. Kwa tunaovaa hijabu, kitambaa chepesi kinachokauka haraka ni bora kuliko pamba nzito, ambayo ikilowa jasho inakuwa mzigo shingoni. Mapaja yanayosuguana yapakwe mafuta ya mgando kabla ya kutoka, kwa maana ukisubiri uchubuke utaoga kwa machozi. Na siku za hedhi si marufuku; wapo tunaojisikia nafuu tukikimbia polepole, wapo wanaojisikia vibaya, na kila mmoja ausikilize mwili wake.

Ulipouliza kuhusu kufurahia, kwangu jibu ni fupi. Nina watoto watatu, na hiyo nusu saa ndiyo pekee katika siku nzima ambayo hakuna anayeniita mama.

Mleta uzi amejibu:

Dada, nimekubali sahihisho. Nimeandika kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kufikiria nani anatembea nyuma yake alfajiri, na sentensi ile ya saa isomeke kwa sharti la usalama.

Kivuli cha Meru ameandika:

Wakuu, nami niseme tofauti kidogo. Ninakimbia hapa Arusha kwa mwaka wa sita, na nimeona watu wengi waliokaa kwenye mwendo wa kuimba hadi wakachoka, si miguu bali akili. Mwendo mmoja kila siku unachosha kama ugali bila mboga. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo mwezi Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda ule ule wa 2:09:48, na tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Tofauti hiyo haipatikani kwa kuimba! Mimi humshauri anayeanza kwamba, akishaweza nusu saa, mara moja kwa wiki amalizie kwa mikimbio minne au mitano ya sekunde 20, ya haraka lakini yenye kulegea, akitembea katikati hadi pumzi irudi. Mwili unajifunza kunyanyua goti, na mtu anarudi nyumbani akijisikia mwepesi. Vilevile ajiandikishe kwenye mashindano, kwa sababu bila tarehe mbele yako utaahirisha hadi uzeeni. Kilimanjaro Marathon ya Moshi ina mbio za kilomita 5, na ile hali ya maelfu ya watu kuamka pamoja haina mfano wake.

Mleta uzi amejibu:

Mkuu wa Arusha, kuhusu mikimbio ya sekunde 20 nakubaliana nawe kabisa, na mimi mwenyewe niliiongeza mwezi wa sita. Ni kweli inaondoa uzito wa miguu. Ninachosisitiza ni lile neno lako "akishaweza". Wengi wanaosoma hapa hawajaweza, na ukiwapa ruhusa ya kukimbia kasi siku moja wataichukua zote saba. Kuhusu Simbu, huo mfano naona unanisaidia mimi zaidi: alikuwa wa 5 Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba London mwaka 2017, na dhahabu ikaja miaka 8 baadaye. Kuhusu Moshi, nilikwenda kwa kilomita 5 na nikafurahi mno, ila nawaonya wenzangu wanaotaka kurukia kilomita 21 katika mwaka wa kwanza kwamba njia ile inapanda kuelekea Mweka, na mlima hauangalii kama umelipa ada ya ushiriki. Na tofauti yetu ya mwisho ni kwamba mtu ambaye tarehe ya mashindano inamtia hofu asijiandikishe. Mimi ingenirudisha kwenye fimbo ya mwalimu wa zamu.

Mwana wa Likoni ameandika:

Salaam kutoka Mombasa. Unyevu wenu wa Dar tunaujua, na huku Mama Ngina alfajiri utawapata watu wengi wanaotembea na kukimbia kwa sababu ya upepo wa bahari. Nina swali kuhusu mfungo. Mwaka jana nilianza mbio majuma matano kabla ya Ramadhani, mwezi ulipoingia nikaacha, na baada ya Idi sikurudi tena hadi leo. Je, mnaofunga mnafanyaje?

Bint Raskazone ameandika:

Ndugu yangu wa Mombasa, sisi hupunguza badala ya kuacha. Tunatembea, na kukimbia kidogo sana, nusu saa ya mwisho kabla ya kufuturu, ili ukimaliza maji yawe karibu. Au anayeweza hukimbia baada ya futari nyepesi, akishapumzika. Asubuhi ya mfungo hatugusi, kwa sababu jasho utakalolitoa saa moja huna namna ya kulirudisha hadi magharibi. Mwenye kisukari au anayetumia dawa asijaribu bila kumuuliza daktari. Lengo la mwezi huo ni mwili usisahau tu, na kwa kuwa umeacha muda mrefu, rudi kwenye nguzo 1 kama mgeni. Wala usijilaumu, majuma matano uliyokimbia miguu yako inayakumbuka kiasi.

Tumbo Halina Siri ameandika:

Wakuu, ninarudi baada ya majuma kumi kutoa taarifa. Sita nilitembea kama nilivyoelekezwa, na mke wangu alijiunga wiki ya tatu, ingawa alisema anakuja kunilinda. Sasa tunakimbia nguzo 1 na kutembea 3. Uzito umepungua kilo 3 tu, na niseme kweli, bado sijaanza kufurahia. Ninachofurahia ni chai ya baada yake. Lakini sijaikosa siku hata moja. Nina swali la mwisho: ninapata malengelenge kwenye vidole viwili vya mguu wa kushoto, na raba ni za mtumba nilizonunua soko la Karume, zilinitosha vizuri nilipozijaribu jioni dukani. Tatizo ni nini?

Mleta uzi amejibu:

Hongera sana, ndugu yangu, na usiidharau hiyo chai. Raba za mtumba si kosa, hata zangu za kwanza zilikuwa hizo. Kabla ya kulipa, bonyeza soli kwa gumba na uikunje, na ikiwa ngumu kama ubao au imelika upande mmoja, iache hata kama juu inang'aa. Vilevile pima ukiwa umevaa soksi zile zile za kukimbilia, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, kwa sababu mguu huvimba kadiri unavyokimbia. Kwa malengelenge yako, ningeanza na soksi kabla ya kubadilisha raba. Kama ni za pamba, zinashika jasho na kumsugua ngozi mvaaji, kwa hiyo tafuta za polista au mchanganyiko unaokauka haraka, uzigeuze ndani nje kama mshono umekaa juu ya vidole, na upake mafuta ya mgando katikati ya vidole hivyo viwili. Lengelenge lililo dogo usilitoboe. Lifunike, upumzike siku moja au mbili. Likirudi tena baada ya kubadilisha soksi, tueleze mshono wa raba uko wapi, tuangalie pamoja.